Reli ya Bustanini na Gari la Moshi la Bububu

Katika nchi za Ulaya na Marekani wako watu wazima, wenye kazi zao na heshima zao, ambao saa za mapumziko huziishia bustanini wakijenga reli. Hatusemi reli ya kubeba abiria. Twasema reli ya upana wa milimita 45 baina ya chuma na chuma, yenye mataruma yake, madaraja yake na vituo vyake, ikipita chini ya maua na kuzunguka mawe, na juu yake gari la moshi lenye uzito wa kilo chache likivuta mabehewa yake. Mtu asiyelijua jambo hili atacheka. Sisi twamwomba asicheke upesi, kwani jambo lenyewe latuhusu sisi wa Visiwani kuliko anavyodhani.

Mchezo huu si wa jana. Huko Beaconsfield, Uingereza, kijiji cha mfano kiitwacho Bekonscot kilifunguliwa mwaka 1929, na reli yake ndogo yaendelea kuwafurahisha watoto na wazee wao. Mwaka 1968, kampuni ya Lehmann ya Nürnberg, Ujerumani, ilileta sokoni magari ya moshi ya bustanini, yaliyotengenezwa kustahimili mvua na jua, kwa kipimo cha 1 kwa 22.5. Mwenye kupenda hesabu agawanye mita moja kwa 22.5, atapata milimita 44 na ushei. Yaani reli hiyo ndogo ni mfano wa reli ya upana wa mita moja, na huo ndio upana wa reli za zamani za Tanga, za Kigoma na za Mombasa. Wajerumani walikuwa wakiiga reli za milimani kwao, lakini upana ni uleule.

Ya Unguja ilikuwa nyembamba zaidi. Tuseme mbili, kwani zilikuwa mbili. Ya kwanza ilikuwa ya Sayyid Barghash, aliyejenga njia kutoka mjini hadi kasri yake ya Chukwani. Hapo awali mabehewa yalivutwa na nyumbu, hata mwaka 1881 Sultani akaagiza Uingereza, kwa kampuni ya Bagnall, kichwa kidogo cha mvuke chenye magurudumu manne. Alipofariki mwaka 1888 reli hiyo iling'olewa. Msomaji na akumbuke kwamba njia ya Tanga ilianza kujengwa mwaka 1893 na ya Mombasa mwaka 1896. Ya pili ilijengwa na kampuni ya Kimarekani, Arnold Cheney, ikafunguliwa mwaka 1905: maili saba, yaani kilomita 11 na zaidi kidogo, kutoka mjini hadi Bububu. Ngome Kongwe ikatumika kuwa bohari ya reli. Gari lilipenya katika mitaa myembamba, karibu mno na milango ya maduka, kisha likashika njia ya kaskazini. Serikali iliinunua mwaka 1911, na mwaka 1922 abiria wakakoma kulipanda, barabara na motokaa zikiwa zimekwisha kulishinda. Miaka michache baadaye lilikuwa likibeba mawe tu, kisha halikuwapo.

Tuseme kwa kupita kwamba wale wasemao kuwa jina la Bububu latokana na mlio wa gari hilo wanasema hadithi tamu isiyo kweli. Bibi Salme binti Said, aliyeitwa Emily Ruete baada ya kuolewa na Mjerumani, aliitaja Bububu katika kitabu chake cha mwaka 1886, na wakati huo hakukuwa na reli wala kichwa huko.

Waliolipanda gari hilo hadi mwaka 1922 hawapo tena. Kilichobaki ni picha, kadi za posta za zamani, na karatasi katika makabati. Hatuna kichwa cha kutazama, wala behewa, wala mzee wa kumwuliza. Ndiyo maana twasema kwamba reli ya bustanini kwa nchi nyingine ni burudani tu, lakini kwetu yaweza kuwa njia ya kulijua tena gari letu kwa mikono.

Upana wa njia ya Bububu ulikuwa futi tatu, sawa na milimita 914. Ukizigawanya kwa 20.3 unapata milimita 45 kamili. Wajenzi wa huko nje wamekwisha kukubaliana na kipimo hicho, na reli na magurudumu yake huuzwa tayari. Katika kipimo hicho mtu wa kimo cha kawaida huwa na sentimita 8 na nusu hivi. Njia nzima ya Bububu, hata ikipunguzwa namna hiyo, ingehitaji mita 555, wala hakuna bustani mjini yenye nafasi hiyo. Basi mjenzi hana budi kuchagua: mtaa mmoja wenye maduka, daraja moja, kipande cha pwani chenye minazi, na kituo cha mwisho. Kuchagua huku ndiko utamu wa kwanza wa kazi, na mwenye kuchagua vibaya huishia na duara la chuma lisilofanana na mahali popote.

Utamu wa pili ni udongo. Njia huchimbwa mfereji, ukajazwa kokoto, mataruma yakalazwa juu yake ili maji ya masika yapite chini wala yasiichukue. Shaba ya manjano, ambayo ndiyo hutumika kwa reli hizi, hutanuka kwa joto: reli ya mita kumi, tofauti ya joto ikiwa nyuzi 30, huongezeka karibu milimita sita. Asiyeacha nafasi katika viungo ataikuta njia yake imepinda kama nyoka saa nane mchana. Huku kwetu iko adha nyingine, nayo ni hewa ya chumvi. Umeme ukipitishwa relini, kutu ya kijani huuzuia, na mwenye reli atashinda akisugua badala ya kuendesha. Afadhali betri ndani ya kichwa chenyewe, au mvuke wa kweli, uchemshwao kwa spiriti au gesi katika boila ndogo. Kwa miti, Wazungu hupanda majani yao mafupi ya kunukia. Sisi tunao mrehani, ambao ukipogolewa kwa subira huwa mti wenye shina na kivuli, na harufu yake ni ya nyumbani.

Kuendesha nako kuna adabu yake. Gari la kweli likienda kilomita 20 kwa saa, mfano wake katika kipimo hiki hauna haki ya kupita sentimita 27 kwa sekunde. Wageni wote hutaka kuliona likikimbia, na wenye mchezo wote huwaambia: polepole.

Kisha huja kupiga picha, na hapa ndipo kazi inapohukumiwa. Picha ipigwayo kwa kusimama huonyesha kitu cha kuchezea. Mpiga picha hana budi kulala kifudifudi, kamera ikiwa sentimita nane kutoka ardhini, yaani mahali ambapo jicho la yule mtu mdogo lingekuwapo. Simu za mkononi zafaa sana kwa hili, kwani lenzi yake ndogo huonyesha cha karibu na cha mbali kwa uwazi mmoja, nayo hutoshea hata baina ya nyumba mbili za mfano. Saa nzuri ni asubuhi mapema, jua likiwa chini, na hasa baada ya mvua, kwani katika hewa ya baridi mvuke huonekana, na katika joto la mchana hupotea. Nyuma asionekane mtu, wala ndoo. Iweke picha hiyo kando ya kadi ya posta ya zamani ya mtaa uleule. Palipokosewa patasema penyewe: paa refu mno, gari pana mno, mlango usio na baraza.

Viko visiwa vilivyohifadhi reli yao yenyewe. Isle of Man, huko baina ya Uingereza na Ireland, ilikuwa na njia kadhaa za futi tatu, upana uleule wa Bububu. Nyingi zilifungwa, lakini ile ya Douglas hadi Port Erin, iliyofunguliwa mwaka 1874, yaendelea kubeba watu kwa mvuke, na tangu mwaka 1978 ni mali ya serikali ya kisiwa. Sisi hatukubahatika. Hatudai serikali ijenge upya maili saba. Nyumba za watu zimekwisha kusimama njiani.

Tunachowaomba wakuu wanaohusika na mambo ya kale, elimu na bustani za mji ni kidogo zaidi. Watoe kipande cha bustani, mita 15 kwa 10 zatosha, mahali penye uzio na mlinzi. Wanafunzi wa ufundi wapewe kazi ya kutafuta vipimo na picha. Hifadhi ya nyaraka ya Kilimani ndipo pa kuanzia. Mafundi hawatakosekana. Wale wachongao majahazi madogo ya kuwauzia wageni, kila ubao kwa nafasi yake, hawatashindwa na behewa, na watoto wa mitaani hutengeneza magari ya waya na makopo yenye usukani unaogeuza magurudumu bila ya kufundishwa na mtu. Cha kuagiza nje ni reli, magurudumu na kichwa kimoja. Kokoto zipo, mbao zipo, na mrehani wapatikana katika kila ua. Kazi ya mfereji na kokoto yafaa ifanywe wakati wa kiangazi, ili masika yatakapokuja yaijaribu njia kabla ya kichwa kuwekwa juu yake.