Viatu njo vinakimbia, ao miguu?

Tangu mbio ya kilometa 10 ya 1 Mei, ku ofisi yetu ya sendika mabishano hayajaisha. Kijana wa ofisi ya kuhesabu feza alishinda kwa dakika 38. Nyuma yake, sekunde 40 tu, alifika mchimbaji wa chini ya udongo. Wa kwanza alivaa viatu vya soli nene, vyenye bamba la kaboni ndani, alivyoletewa kutoka Afrika ya Kusini. Wa pili alivaa raba za soko zilizopasuka pembeni. Hata kabla ya kugawa zawadi, watu walianza kusema: « Ile viatu njo ilikimbia, hapana yeye! »

Sasa wamoja wanatuomba tukataze viatu vya namna ile mwaka ujao. Wengine, na hawa njo wanatuhangaisha zaidi, wanataka kukopa ku mshahara ili wanunue vyao. Kabla ya kujibu, tulikaa tukasoma yale ambayo wataalamu wamepima. Hapa tunawaeleza tuliyoyaelewa.

Gari mbili zinaweza kwenda kwa mwendo mmoja, lakini moja inakunywa litri 6 za esanse na ingine litri 10. Watu ni vilevile. Wawili wanakimbia bega kwa bega, mmoja anatumia oksijeni nyingi, mwenzake kidogo. Yule wa kidogo atabaki na nguvu ya kumalizia. Wataalamu wanamvalisha mkimbiaji kifuniko cha mdomo na pua, anakimbia juu ya mkanda unaozunguka, kama ule unaobeba mawe ku kiwanda, na mashini inapima pumzi yake. Matumizi ya oksijeni kwa mwendo fulani njo kipimo chenyewe. Ukubwa wa mapafu ni jambo lingine.

Jambo la kwanza ni uzito. Ku chuo kikuu cha Colorado, katika mji wa Boulder, Marekani, walifanya kitu ambacho kilituchekesha sisi watu wa mini. Walificha vipande vidogo vya risasi ndani ya viatu vya wakimbiaji 18 bila kuwaambia. Mara viatu vya kawaida, mara vyenye grama 100 zaidi kwa kila mguu, mara grama 300. Kisha waliwakimbiza meta 3000 kwa saa. Matokeo yalitoka mwaka 2016: kila grama 100 zilipandisha matumizi ya oksijeni kwa asilimia 1 na kitu, na zilipunguza mwendo kwa karibu asilimia 0.8. Grama 100 ni nini? Ni kipande cha sabuni. Mtu haoni kitu, lakini miguu imekwisha kuhesabu.

Basi mtu atasema, tuvue viatu kabisa! Abebe Bikila wa Ethiopia alishinda maratoni ya Roma mwaka 1960 miguu wazi, kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 16. Ni kweli. Lakini ku Tokyo mwaka 1964 alishinda tena, akiwa na viatu, na saa yake ilikuwa nzuri zaidi kwa dakika tatu. Wale wa Colorado walipima na hilo pia, kwa watu waliozoea kukimbia bila viatu. Kati ya miguu wazi na viatu vyepesi sana, vya grama 150 hivi, hawakuona faida ya miguu wazi. Sababu yake ni rahisi: bila soli laini, misuli yenyewe njo inapokea kishindo, na misuli inadai malipo yake kwa oksijeni.

Hapo tunafika ku viatu vya kaboni. Mwaka 2017 kampuni Nike ilitoa kiatu Vaporfly kwa dola 250. Wataalamu wale wale wa Colorado walikipima kwa wakimbiaji 18 wakali, wakikilinganisha na viatu viwili vizuri vya mbio vya wakati ule. Kampuni ilisaidia kulipa kazi ile, na hilo lazima lisemwe. Lakini wapimaji wengine walirudilia baadaye, na faida ilionekana tena. Ili mtu asiseme ni uzito tu, walitia risasi ku viatu vingine mpaka vyote vikalingana. Hata hivyo Vaporfly ilipunguza nguvu inayotumika kwa asilimia 4, kwa kuhesabu kati na kati. Kuna aliyepata karibu 2 tu, kuna aliyepata 6.

Wengi wanafikiri siri yote ni kaboni, kama resori inayomrusha mtu. Kazi kubwa inafanywa na povu. Povu la kawaida likikanyagwa linapoteza sehemu ya nguvu kama joto. Hili jipya, jepesi na nene, linarudisha sehemu kubwa zaidi. Bamba la kaboni linaongeza ugumu ku vidole na kuongoza namna soli inavyojikunja. Kwa hiyo, ndugu zetu, mkiona ku soko viatu vya rangi kali na soli nene kama mukate, jueni kwamba unene peke yake hauna kazi. Viatu vya kuiga vinaweza kuwa na plastiki ndani na povu gumu. Hapo umelipa umbo.

Eliud Kipchoge wa Kenya alikimbia maratoni ku Vienna tarehe 12 Oktoba 2019 kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40, akiwa na viatu vya aina ile na wasindikizaji 41 wakipokezana kumkinga upepo. Haikuhesabiwa kuwa rekodi. Miezi mitatu baadaye, chama cha riadha cha dunia kiliweka sheria: soli ya viatu vya barabara isipite milimeta 40, na bamba liwe moja tu. Kumbe hata wakubwa waliona kwamba bila mpaka, mbio itakuwa ya viwanda.

Turudi kwetu. Asilimia 4 ya nguvu haigeuki asilimia 4 ya saa. Kwa wenye mwendo mkali inapungua, sababu upepo nao unadai. Tuseme 2 ao 3. Kwa mtu wa dakika 38, hiyo ni sekunde 45 mpaka 68. Tofauti ya siku ile ilikuwa 40. Basi waliolalamika hawana wazimu. Hakuna anayeweza kuapa kwamba kijana wa ofisi alishinda kwa viatu, maana miili haifanani, lakini inawezekana kabisa. Kombe libaki kwake, sheria haikukataza. Kwa mwaka ujao, sisi tunapendekeza viatu vya bamba vikatazwe ku mbio yetu. Ni mbio ya wafanyakazi, haina haja ya kushindanisha mishahara.

Na wanaotaka kukopa? Tunawaomba waache. Kuna mambo ya bure. Mikono, kwa mfano: wataalamu waliwakimbiza watu na mikono mgongoni, nguvu iliyotumika ikapanda kwa asilimia 3, mikono juu ya kifua, 9, mikono juu ya kichwa, 13. Maana yake mkono unaoyumba si mapambo. Acha uyumbe, usiukaze. Kuruka-ruka juu nako ni hasara, unajibeba mwenyewe kwenda mahali usipokwenda.

Lakini tahadhari na walimu wa barabarani wanaosema kila mtu lazima akanyage kwa vidole. Maneno hayo yalipata nguvu mwaka 2010, Daniel Lieberman wa Harvard alipoonyesha kwamba Wakenya waliokulia miguu wazi mara nyingi wanatua kwa sehemu ya mbele ya mguu. Yeye alikuwa anapima kishindo. Kwa matumizi ya oksijeni, kutua kwa kisigino ao kwa mbele hakujaonyesha mshindi wazi. Hata urefu wa hatua: tangu mwaka 1982 imejulikana kwamba mkimbiaji mzoefu akilazimishwa kurefusha ao kufupisha hatua yake, anatumia oksijeni zaidi. Mwili umekwisha kujitafutia hesabu yake kwa kilometa nyingi. Mgeni wa mbio tu anayetupa mguu mbali mbele ya goti ndiye afupishe kidogo.

Sasa neno letu la sendika, maana hesabu ya grama haiishi ku mbio. Wanaochunguza mizigo ya askari walipata kwamba kilo moja ku miguu inachosha karibu kama kilo tano ku mgongo. Bote za kaucu zenye chuma ku vidole zinaweza kupita kilo moja kwa kila mguu, na udongo wa mvua unaongeza. Chuma kile hatutaki kitolewe, kimeokoa vidole vingi. Lakini kuna kampuni moja inayoleta wafanyakazi wa muda ku mini, inagawa namba 44 kwa kila mtu. Mwenye namba 40 anajaza matambara na kuvuta mguu saa 12, na jioni anaambiwa ni mvivu.

Ku mkutano wa mwezi ujao kila delege alete bote moja ya kikundi chake. Balansi tunayo. Tutaandika uzito, namba iliyogawiwa na namba ya mguu wa mwenyewe, na karatasi ile tutaiweka juu ya meza siku ya kujadiliana na wakubwa.