"Rehearse": Kufanya Mazoezi au Kusimulia?



Jumamosi moja jioni, kwenye mazoezi ya kwaya katika kigango kimoja hapa Ubungo, kijana wa sauti ya besi alituuliza: "Frateri, Waingereza husema 'rehearse' kwa mazoezi kama haya. Mbona kwenye Biblia yangu ya Kiingereza Petro naye ana-'rehearse'? Alikuwa anaimba?" Tulicheka, kisha tukaahidi kumjibu hapa.

Neno hilo lilitoka katika Kifaransa cha kale, ambako "herse" ni haro, ile zana ya meno inayopita shambani baada ya jembe ili kuvunja mabonge. Maana yake ya asili, basi, ni kupiga haro tena. Kutokana na picha hiyo, likaja kumaanisha kuyapitia tena maneno kwa sauti, yaani kusimulia. Baadaye likamaanisha pia kuupitia wimbo au igizo kabla ya siku yenyewe.

Biblia ya King James ya mwaka 1611 inatumia maana ya kusimulia. Katika Mdo 11:4 Petro anasimulia jambo lote tangu mwanzo. Katika Mdo 14:27 Paulo na Barnaba wanalikusanya Kanisa la Antiokia na kulisimulia yote Mungu aliyoyatenda pamoja nao.

Ukitaka kulitafsiri, tazama kinachofuata. Likifuatwa na wimbo, ni kufanya mazoezi. Likifuatwa na habari, ni kusimulia. Likifuatwa na malalamiko, ni kuyarudiarudia yale yale ambayo kila mtu ameshayasikia.

Maana hii ya mwisho ilitugusa. Kwaya ile ilikuwa na ugomvi wa zamani kuhusu fedha za sare, na kila Jumamosi ulisimuliwa upya kabla ya wimbo wa kwanza. Nyimbo zilikaririwa, na ugomvi nao ukakaririwa.

Petro pia alikuwa amelaumiwa, kwa kula na watu wasiotahiriwa. Lakini aliposimulia, hakuhesabu makosa ya waliomlaumu. Alieleza alichoona Mungu akitenda. Nao wakanyamaza, wakamtukuza Mungu (Mdo 11:18).

Udongo uliopigwa haro hauchagui mbegu: hupokea mahindi, hupokea na magugu. Wapendwa, kwenye kwaya, kwenye jumuiya na nyumbani, sisi tunarudia nini?