Gitaa Kaburini: Ukumbusho wa Mwanamuziki Othaya

Kwetu Othaya msiba hauishi siku ya mazishi. Mwaka ukitimia, familia ikishapumua na kulipa madeni ya hospitali, watu huitwa tena: majirani, wakwe, wanakanisa, marafiki wa mbali. Siku hiyo msalaba wa mbao hung'olewa, kaburi huwekewa saruji au vigae, maua hupandwa, ibada husomwa, na watu hula. Ikiwa marehemu alikuwa mwalimu au mkulima wa majani chai, ikifika saa nane mchana hema zinafunguliwa na kila mtu yuko njiani kurudi kwake. Ikiwa alikuwa mwanamuziki, saa nane ndipo shughuli inapoanza.

Nimehudhuria kumbukumbu za namna hii na nimefikia kuamini kwamba hakuna shughuli nyingine, si harusi wala ruracio ya kupeleka mahari, inayotuonyesha tulivyo sisi Wagikuyu wa Nyeri kama hiyo. Pale kanisa, mila, baa na siasa hukalishwa chini ya hema moja, na inabidi zipatane kabla ya giza kuingia.

Kwanza mahali penyewe. Othaya iko upande wa milima ya Nyandarua, mashamba ya chai yakipanda kuelekea msituni na mibuni ikiteremka kuelekea mabondeni. Alfajiri isiyo na mawingu unauona Mlima Kenya ng'ambo, lakini Julai na Agosti, msimu wa gathano, unaweza kukaa wiki nzima bila kuuona, ukungu umelala hadi mchana na watu wanakuja kwenye hema wamevaa makoti mazito. Barabara itokayo mjini Nyeri hupita Othaya, ikaenda Kiriaini, kisha Kangema kule Murang'a, alikozaliwa mwanamuziki Joseph Kamaru mwaka 1939. Kwa wanamuziki barabara hiyo ni kijiji kimoja kirefu. Aliyepiga Ijumaa Kangema alipiga Jumamosi Othaya, na akifa, waombolezaji wake wako pande zote mbili za mpaka wa kaunti.

Maandalizi huanza usiku wa kuamkia siku yenyewe. Akina mama wa kanisa humenya viazi hadi usiku wa manane, huku wanawake wazee wakichambua njahi kwenye ungo. Asubuhi vijana ndio huponda mukimo, kwa sababu sufuria ya watu mia tatu inataka mabega: viazi, mahindi, majani ya maboga, wawili wakishika mwiko mmoja mrefu na wa tatu akishikilia sufuria isipinduke. Nje, wengine wanapanga viti vya plastiki, na mmoja huwa anapigana na jenereta. Karibu kila mara kuna mtu anayeuliza kama spika zitatosha. Swali hilo huliulizi kwenye ukumbusho wa mkulima.

Ibada hufuata utaratibu uliochapishwa, picha ya marehemu ikiwa jalada la mbele, ameshika gitaa. Nyimbo hutoka katika *Nyimbo cia Kuinira Ngai*, kitabu ambacho wengi wetu tulikijua kwa moyo kabla hatujajua kusoma. Mjane husimama na watoto wake, wasifu husomwa, mchungaji huhubiri juu ya ufufuo. Mpaka hapo huwezi kujua kwamba anayekumbukwa alilisha watoto wake kwa kupiga gitaa kwenye baa kuanzia saa tatu usiku hadi jogoo wa kwanza.

Hapo ndipo penye fundo. Nyimbo zilizompa jina haziko kwenye kitabu cha kanisa. Zinasema juu ya mapenzi, pombe, wake wenza, mashamba yaliyouzwa kwa siri, viongozi waliosahau waliowapigia kura. Mchungaji hawezi kuzibariki, na watu waliosafiri kutoka Nairobi, Nyahururu na Nakuru hawakuja kusikia zaburi peke yake. Nimeona suluhisho moja likirudiwa mahali pengi, na naliheshimu sana. Mchungaji hutoa neema, hufunga Biblia, kisha hutangaza kwamba ibada imekwisha na mwenye haraka anaweza kwenda. Yeye mwenyewe hubaki kitini. Hapigi makofi, lakini haondoki. Kwa kubaki kwake amesema kwamba marehemu alikuwa mtoto wa kanisa hili pamoja na nyimbo zake zote.

Siku moja, kwenye ukumbusho wa mpiga gitaa aliyezifahamu baa zote kati ya Othaya na Kiriaini, mchungaji alikuwa mgeni na hakuifahamu desturi hiyo. Akatangaza chakula moja kwa moja. Vijana wakaanza kukunja nyaya. Mama mmoja wa umri wa nyanya yangu, kitambaa cha chama cha akina mama kichwani, alisimama akiegemea mkongojo akamwendea mshereheshaji. "Mwanangu," alimwambia, na kipaza sauti kikayachukua maneno yake, "mimi huyu nilimpa uji akiwa hajui kushika jembe. Alipoanza kuimba nilimgombeza. Leo mwacheni aimbe, kisha tule." Mshereheshaji akamjibu kama anavyomjibu nyanya yake, "Ndiyo, cucu, tumesikia." Nyaya zikakunjuliwa. Mchungaji naye, kwa heshima, akamsogezea mama yule kiti karibu na spika.

Utaratibu wa wanamuziki wenyewe una adabu zake, ingawa haujaandikwa popote. Mkongwe hutangulia. Kila anayepanda huimba wimbo wa marehemu, si wake. Anayetumia nafasi ile kutangaza wimbo wake mpya husemwa vibaya kwa miezi. Gitaa la marehemu likiwa bado liko kwa familia, huletwa, na mwanawe ndiye humkabidhi mpigaji wa kwanza. Watazame watu wakati mpigaji anapokaza nyuzi: kelele za sahani hupungua, na wazee waliokuwa nyuma ya nyumba wakizungumzia bei ya kahawa husogea mbele. Sauti za kwanza zikitoka, umati haumwachii mwimbaji amalize ubeti. Wanamchukulia wimbo. Watu wa rika zote wanaujua, hata watoto waliozaliwa baada ya kanda kuacha kuuzwa.

Baadaye ngoma ya mugithi huanza na watu hujipanga mstari mrefu, kila mmoja ameweka mikono mabegani mwa aliye mbele yake, wakizunguka hema. Mashemeji wanaoheshimiana mwaka mzima hushikana bila aibu. Mstari hauvuki kaburi. Huenda hadi ukingoni mwa maua mapya na kugeuka. Na pakiwa na kodiani na chuma cha karing'aring'a, wazee huingia uwanjani kwa mwomboko, wawili wawili, hatua mbili na kuinama, kama walivyofundishwa ujanani.

Mtu wa nje anaweza kudhani tumerithi haya kutoka kwa mababu tangu zamani. Sivyo. Zamani Wagikuyu wengi hawakuzikwa. Mzee mwenye mali na watoto alichimbiwa kaburi. Wengine walipelekwa porini, na kumgusa maiti kulileta thahu, unajisi uliohitaji kutakaswa. Hakuna aliyeimba juu ya kaburi. Ni wamisionari, wakiwemo Wakonsolata waliofika Tuthu mwaka 1902 na Wapresbiteri wa Tumutumu baada yao, pamoja na amri za serikali ya kikoloni, waliotufanya tuzike wote. Kwa hiyo ukumbusho wenye gitaa ni mila changa, iliyotengenezwa na vizazi vichache tu, na ndiyo maana bado inabishaniwa pale pale hemani.

Lakini nyimbo zenyewe si changa, na serikali zimeziogopa tangu mwanzo. Mwaka 1930 wakoloni walipiga marufuku Muthirigu, ngoma iliyowakejeli wamisionari na machifu wakati wa mgogoro wa tohara ya wasichana. Wakati wa vita vya Mau Mau, watu walitunga maneno ya kudai ardhi wakayaweka kwenye sauti za nyimbo za kanisani, na askari aliyepita nje alidhani wanasali. Baada ya uhuru, mwanasiasa J.M. Kariuki alipouawa Machi 1975 na wengi wakaogopa hata kulitaja jina lake hadharani, Kamaru alimwimbia. Wimbo ule ulikuwa ukumbusho kabla ya ukumbusho wowote rasmi.

Nyeri kuna sababu nyingine ya kulishikilia kaburi. Dedan Kimathi, kiongozi wa Mau Mau na mtoto wa Tetu, majirani zetu, alinyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957 na kuzikwa mahali ambapo familia yake haijaonyeshwa mpaka leo. Mjane wake, Mukami Kimathi, alifariki Mei 2023 akiwa bado anaidai mifupa ya mumewe. Watu walioishi karibu na jeraha hilo hawalioni kaburi lenye vigae na maua kuwa anasa. Wanapoimba kando yake, wanafanya jambo ambalo mashujaa wao walinyimwa.

Othaya imeona pia mazishi makubwa kupita yote. Tarehe 30 Aprili 2022 tulimzika rais mstaafu Mwai Kibaki, mzaliwa wa Gatuyaini, kwa heshima zote za kijeshi, na rais wa wakati huo na wa baadaye walikaa katika uwanja mmoja. Ilikuwa siku ya fahari. Hata hivyo siku ile raia walikaa kimya, wakaangalia. Kwenye ukumbusho wa mwanamuziki hakuna anayeangalia tu.

Mambo haya yote mazuri yasitufichie jambo linaloniuma. Pesa zinazochangwa kwa ajili ya hema, vigae na chakula huja upesi. Jina la mwanamuziki likitajwa redioni, simu huanza kupokea michango ya M-Pesa, hata kutoka Marekani. Pesa za dawa alipokuwa kitandani zilikuja kwa shida. Nani aliyezichanga? Mara nyingi ni wanamuziki wenzake. John De'Mathew wa Gatanga, aliyependwa Othaya kama alivyopendwa kwao, alifariki ajalini karibu na Thika jioni ya tarehe 18 Agosti 2019, akitoka kwenye harambee ya kumsaidia msanii mwenzake. Siku sita baadaye alizikwa, na Rais Uhuru Kenyatta alikuwa miongoni mwa umati uliofurika. Umati ule ungefika nusu yake tu kwenye harambee aliyotoka, msanii yule angesaidika na watu wangerudi nyumbani mapema. Sisemi hivyo kuwalaumu waliozika. Nilikuwa na huzuni kama wao. Nasema kwa sababu desturi yetu ya kuchanga ni nzuri kupita kiasi kuiacha ianze baada ya kifo.

Na nyimbo zenyewe? Mugithi, tangu iliposhika kasi miaka ya 1990, mtu mmoja na gitaa lake, imekuwa ikiimba usiku kucha nyimbo za waliotangulia: za Kamaru, za Queen Jane aliyetutoka Juni 2010, za wengine ambao majina yao yanaanza kupotea. Mpigaji huyaunganisha maneno ya watu watano bila kumtaja hata mmoja. Wimbo unaishi, mtunzi anafutika. Familia ya marehemu husikia kazi ya baba yao kila Jumamosi na haipati senti. Ukumbusho ni siku pekee ambayo jina na wimbo hurudishwa pamoja, na ndiyo sababu mshereheshaji mzuri hutaja kila wimbo, mwaka ulipotoka na aliyepiga gitaa la pili.

Mila yetu ya majina imetoa mfano bora kuliko hotuba yoyote. Kwetu mtoto huitwa jina la babu yake ili babu asipotee. Kamaru, ambaye mwaka 1993 aliacha nyimbo za kidunia akageukia za injili, alifariki tarehe 3 Oktoba 2018. Mjukuu wake anaitwa pia Joseph Kamaru. Dunia inamjua kama KMRU, msanii wa sauti anayerekodi mvua, mitambo na kelele za mitaa, na amefanya kazi Nairobi na Berlin. Muziki wake haufanani kabisa na wa babu yake. Lakini ndiye aliyezitafuta rekodi za zamani za babu, akazisafisha na kuzitoa upya kwenye intaneti, na anayezinunua huko anailipa familia. Jina alilopewa ameligeuza kazi.

Si kila familia ina mjukuu wa namna hiyo. Nyingi Othaya, Mukurweini na Karatina zina sanduku la kanda chini ya kitanda, utepe umeanza kujikunja kwa unyevu wa gathano, na santuri zilizokwaruzika zinazotumika kufunikia ndoo. Ukialikwa kwenye ukumbusho wa mwanamuziki mwaka huu, usiende mikono mitupu wala usipeleke pesa peke yake. Tafuta ile kanda yake uliyonunua zamani sokoni, iandike jina la wimbo na mwaka ukiukumbuka, uifunge kwenye mfuko wa plastiki, na umkabidhi mtoto wake mkononi kabla ya ibada kuanza. Huenda ndiyo nakala pekee iliyobaki.