Ziwa halikufungwa na mchawi

Sisi wa Uvira, Baraka, Kalemie na Moba tunaishi kwa Ziwa Tanganyika. Ndakala wakikosekana, watu huanza kunyosheana vidole: "Mzee fulani amefunga ziwa." Kabla ya kumshitaki mtu, tuelewe kwanza kazi ya joto na upepo.

Ziwa letu lina kina cha mita 1,470 hivi. Wakati wa mvua, jua hupasha maji ya juu hadi nyuzi 27 hivi, lakini ya chini hubaki nyuzi 23 na kitu. Maji ya moto ni mepesi. Hukaa juu ya yale ya baridi kama mafuta juu ya supu. Mabaki ya viumbe huzama na kubaki chini, pasipo na oksijeni, na mbolea yake hukaa huko.

Kuanzia Mei hadi Septemba, upepo wa kiangazi kutoka kusini-mashariki hupoza maji ya juu na kuyasukuma kaskazini. Huko kusini, maji ya chini hupanda na mbolea yake. Mimea midogo sana huota, vijidudu huila, ndakala hula vijidudu, mukeke hula ndakala.

Tafiti za mwaka 2003 zilionyesha kwamba ziwa limeongezeka joto, na maji yake huchanganyika kidogo kuliko zamani. Nasi tunaongeza shida tukivua watoto wa samaki kwa vyandarua.

Basi tusimtwike mzee wa jirani mzigo huo. Tuombe, na tuwaache samaki wadogo wakue.