Niliandika "Halua ya Pemba" kwenye mzigo wa Buguruni

Leo nawapa stori yangu mwenyewe, na mjinga ndani yake ni mimi.

Nina duka dogo Kariakoo, karibu na Mtaa wa Kongo. Nauza tende, kahawa, viungo na halua. Mwaka juzi Ramadhani ilipokaribia, wateja wakawa wanaulizia halua ya Pemba. Siyo halua tu, ya Pemba. Sasa mzigo wa Pemba unavuka bahari, ukipiga hesabu ya nauli na wabebaji faida inabaki kiduchu. Kuna jamaa anapika Buguruni, bei yake poa. Nikachukua kwake, nikapanga kwenye vikapu vya ukindu, nikabandika karatasi: HALUA YA PEMBA. Vikapu 40 vikaisha ndani ya siku tatu. Nikajiona mtoto wa mjini.

Siku ya nne akaja mama mmoja, mtu mzima, na kikapu changu mkononi. Hakupiga kelele.

"Mwanangu, hii umeitoa wapi?"

"Pemba, mama."

"Pemba wapi?"

Nikakwama. Nikasema Wete, maana ndiyo jina lililonijia.

"Mie mtu wa Wete."

Nilimrudishia hela, akakataa. Shida yake haikuwa hela. Aliwaandalia wageni wa futari, akawaambia ni ya kwao. Wakaonja, wakatazamana. Yaani uongo niuseme mimi, aibu aipate yeye mbele ya wakwe.

Alinieleza palepale kaunta. Halua ni wanga, sukari, samli, iliki, kungumanga na zafarani, na mwiko hautulii, unakoroga masaa. Yangu ilikuwa na mafuta ya kupikia na rangi nyingi. Mtu aliyekulia kwenye halua na kahawa chungu humdanganyi kwa kikapu. (Kikapu chenyewe alikisifia.)

Jina la mahali ni mali, wakuu. Kule India, jimbo la West Bengal, kuna mji mdogo unaitwa Joynagar. Wanatengeneza moa, vidonge vya bisi za mchele vilivyoshikwa na sukari guru ya mtende. Mwaka 2015 jina hilo likasajiliwa kisheria kuwa la kwao. Mwaka 2017 jimbo likasajili rasogolla yake, majirani wa Odisha wakabisha, nao wakasajili ya kwao 2019. Watu wazima wanavutana kwa ajili ya utamu wa kwenye sharubati! Wanajua jina likichafuka, mpishi wa kweli ndiye anayekosa wateja.

Siku hizi nina sinia mbili. Moja nimeandika HALUA YA BUGURUNI, bei ya chini, na wanywa kahawa wa jioni wanaimaliza, sijui nilikuwa naogopa nini kuiandika. Ya pili ni ya Pemba kweli, naandika na siku iliyoshuka bandarini. Hiyo naleta kidogo, kwa oda, na nachukua nusu ya hela kwanza. Ikiisha nasema imeisha.

Yule mama alikaa miezi saba bila kukanyaga dukani. Juzi kapiga simu, anaoza binti, anataka vikapu 30. Akauliza tena, "Pemba wapi?"

Nikampa namba ya mpishi, aongee naye mwenyewe.