Jinsi rangi inavyogeuza plastiki kuwa chuma

MPIGANAJI mwenye kimo cha milimita 28 huvaa dirii, chapeo na upanga, vyote vya plastiki. Ni jukumu la mpakaji rangi kulishawishi jicho kwamba hicho ni chuma.

Vijisanamu hivi hutumika katika michezo ya vita ya mezani, hasa ile ya kampuni ya Games Workshop iliyoko Nottingham, Uingereza. Mashindano yake ya upakaji rangi, Golden Demon, yalianza mwaka wa 1987.

Wasanii hufuata njia mbili. Ya kwanza ni kutumia rangi yenye chembechembe za ulanga au alumini. Msanii hutanguliza nyeusi, hupaka rangi ya fedha, kisha humwagia rangi nyepesi ya hudhurungi inayotuama mifereji. Mwishowe, kingo huguswa kwa brashi iliyokaribia kukauka. Hata anayeanza huridhika na matokeo.

Hata hivyo, chembe hizo humeta popote taa inapoangukia, wala si pale msanii alipokusudia. Pahali pa kivuli huenda pakang'aa, na pa kung'aa pakafifia. Leon Battista Alberti wa Italia alilitambua tatizo hilo mwaka wa 1435 alipoandika kuhusu uchoraji. Aliwahimiza wachoraji waache dhahabu halisi na kuiiga kwa rangi za kawaida.

Hiyo ndiyo njia ya pili. Upanga hupakwa kijivu kizito kinachopandishwa hatua kwa hatua hadi nyeupe. Dhahabu nayo huanzia hudhurungi, hupitia manjano, na kuishia karibu na nyeupe.

Siri ni kwamba chuma kilichosuguliwa huakisi mazingira yake mithili ya kioo. Kwa hivyo mwanga na giza hukaa ubavu kwa ubavu, tofauti na kwenye nguo. Anayeogopa kuviweka pamoja huambulia upanga unaofanana na jiwe. Umbo nalo huamua: kwenye kinga ya mguu mng'aro huwa mstari wa wima, kwenye chapeo ya mviringo huwa nukta.

Njia hii pia ina gharama yake. Kijisanamu kikigeuzwa, mwanga uliochorwa haugeuki nacho, na udanganyifu hufichuka. Ndiposa rangi ya kumeta huwafaa zaidi wachezaji wanaovishika na kuvisogeza mezani, nayo ya pili ikawafaa wanaotengeneza kazi ya kutazamwa kutoka upande mmoja.