Maji ya mlimani na azoti ya hewani

Wengi wanawaza ya kuwa kijito kinachotoka mlimani juu, pahali pasipo mji wala shamba, hakiwezi kupata uchafu. Kwa macho ni kweli. Lakini wenye kupima maji katika milima ya Rocky, Marekani, wamekuta habari nyingine. Tangu miaka ya 1980 wanachunguza mvua, theluji na maji ya bonde la Loch Vale, katika jimbo la Colorado.

Tuanze na hewa. Sehemu 78 katika mia za hewa ni azoti, nayo haiumizi kitu, maana haiungani upesi na vingine. Azoti yenye taabu ni ile iliyokwisha kuungana: inatoka katika moshi wa motokari na wa makaa ya mawe, tena kuna amoniaki ya mbolea na ya mavi ya ng'ombe. (Moto wa nyasi, kama ule wa kwetu wakati wa kiangazi, unaitoa vilevile.) Mashariki ya milima ile kuna miji mikubwa, mashamba na mazizi ya ng'ombe maelfu. Upepo ukipanda kutoka upande huo, unaichukua azoti hiyo juu, na mvua na theluji zinaiangusha.

Lakini azoti si chakula cha mimea? Katekista mwenye shamba atauliza hivyo mara moja, na ana haki. Basi kule juu ni miamba mitupu. Mimea ni michache, haiwezi kula yote. Inayobaki inageuka nitrati, na nitrati haishikwi na udongo, inafuata maji. Theluji ikiyeyuka, nitrati nyingi inaingia kijitoni kwa pamoja.

Katika matope ya maziwa ya huko wamekuta maganda ya mimea midogo isiyoonekana kwa macho. Tangu karibu mwaka wa 1950, aina moja ipendayo azoti, Asterionella formosa, imezidi sana. Mzigo ukiongezeka zaidi, nitrati huondoa chokaa ya udongo. Halafu maji huwa makali, na alumini inayotoka udongoni huharibu viungo vya samaki vya kupumulia. Loch Vale haijafika huko.

Mwaka wa 2007 wakubwa walipatana ya kuwa azoti ya mvua na theluji ipunguzwe, toka karibu kilo 3 kwa ektari kila mwaka, ifike kilo moja na nusu mwaka wa 2032. Na mwaka wa 2014 walianza kuwapasha wenye mazizi habari mbele upepo wa mashariki haujapanda, kusudi siku hizo, wakiweza, waache kugeuza samadi.